Risasi hufanana, nguvu hutofautiana: Kwa nini alama ni jambo la uhai

Na Mwandishi Wetu, Kilwa

RISASI mbili zikiwekwa mezani, zote za shaba, zote za urefu mmoja na zote zikiwa na mhuri uleule kwenye kitako, hakuna jicho la binadamu linaloweza kutambua ipi imejazwa baruti kidogo na ipi imejazwa baruti nyingi.

Ya kwanza itampiga mwindaji teke dogo begani na kumaliza kazi yake. Ya pili, ikitiwa katika bunduki isiyostahimili nguvu yake, huweza kuupasua mtutu na kumpotezea mwenye bunduki jicho, vidole au maisha.

Ndiyo maana watu wanaojaza risasi kwa mikono yao, kazi iliyo halali katika nchi kadhaa zikiwamo Marekani na Afrika Kusini, hushika kanuni moja kuliko zote: risasi isiyo na alama ni risasi isiyojulikana, na isiyojulikana haipigwi.

Kwa mkazi wa Kilwa, Liwale, Nachingwea au Lindi, jambo hilo linaweza kuonekana la mbali. Hata hivyo, pwani hii ina historia ndefu ya baruti kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, na hadi leo yapo mashamba ambako mlinzi wa mazao dhidi ya nguruwe pori na nyani hutegemea gobore, silaha ambayo kila mara hujazwa kwa mkono.

Makala haya yanaeleza alama hizo ni zipi, zilitoka wapi, na kwa nini zinamhusu hata mtu asiyemiliki bunduki.

Risasi ina sehemu nne

Katika mazungumzo ya kawaida neno risasi hutumika kwa kitu kizima. Kwa hakika kitu hicho kina sehemu nne: ganda, ambalo aghalabu ni la shaba, fataki, iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda, baruti, iliyomo ndani, na kichwa, yaani kipande cha madini kinachoruka.

Kifyatulio kikivutwa, pini hugonga fataki, fataki hutoa cheche, cheche huiwasha baruti, na baruti hugeuka gesi yenye joto na msukumo mkubwa. Gesi hiyo husukuma pande zote kwa nguvu sawa. Kichwa huruka kwa sababu ndicho pekee kinachoweza kusogea, huku chuma cha bunduki kikitakiwa kuvumilia msukumo uliobaki.

Nguvu ya risasi hutegemea mambo kadhaa, makubwa yakiwa aina ya baruti, wingi wake na uzito wa kichwa. Mambo mawili ya kwanza yamefichika ndani ya ganda. La tatu huonekana nusu tu, kwani vichwa viwili vyenye sura moja huweza kupishana uzito.

Jambo la kukumbuka ni kwamba msukumo haupandi sambamba na baruti. Nyongeza ndogo ya baruti huweza kuleta nyongeza kubwa ya msukumo, na ndiyo sababu wajazaji hupima baruti kwa kipimo cha greini, ambapo greini 7,000 hufanya ratili moja. Katika kipimo kidogo namna hiyo, makadirio ya jicho hayana nafasi.

Mhuri wa kitako unasema nini

Risasi inayotoka kiwandani huwa na maandishi kwenye kitako chake. Za kiraia mara nyingi huonyesha jina la kiwanda na kipenyo. Za kijeshi huonyesha namba au herufi za kiwanda na mwaka wa kutengenezwa.

Nchini Tanzania, kiwanda kinachojulikana kwa kazi hiyo ni cha Shirika la Mzinga lililopo Morogoro, chini ya Jeshi la Wananchi.

Pamoja na mhuri wa kawaida, zipo alama za nguvu. Nchini Marekani, chama cha viwanda vya silaha na risasi kilichoanzishwa mwaka 1926 kiliweka alama ya herufi P yenye ishara ya kujumlisha, kuonyesha kwamba risasi hiyo ina msukumo mkubwa kuliko nyingine za jina lake. Mwenye bastola kuukuu akiiona alama hiyo hujua kwamba risasi hiyo si yake.

Lakini mhuri una udhaifu mmoja mkubwa. Unaeleza asili ya ganda, haulezi kilichomo ndani baada ya ganda hilo kupigwa, kuokotwa na kujazwa upya. Ganda la shaba laweza kujazwa mara kadhaa, na kila mara mhuri wake utaendelea kusema maneno yaleyale ya siku ya kwanza.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Mtu mmoja akijaza risasi hafifu za mazoezi, za wastani za kuwindia paa, na kali za kuwindia nyati, zote katika maganda ya aina moja, atakuwa na risasi tatu tofauti zenye mhuri mmoja.

Somo kutoka Sudi na Moshi

Wakazi wa Lindi wanaifahamu Ghuba ya Sudi kama bandari tulivu ya wavuvi. Machi 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ghuba hiyo ilipokea meli ya Kijerumani iitwayo Marie, iliyokuwa imepenya kizuizi cha manowari za Uingereza.

Meli hiyo ilileta mizinga, makombora, risasi, dawa na vifaa vingine, na sehemu kubwa ya shehena ilikuwa imefungwa katika mizigo ya kubebwa na wapagazi. Baada ya kushambuliwa na Waingereza ikiwa bado ghubani, Marie ilitoroka mwezi uliofuata na kuelekea Batavia, katika visiwa vilivyotawaliwa na Uholanzi.

Sababu iliyofanya shehena ya Sudi ithaminiwe ilitokana na yaliyotukia mwaka mmoja kabla. Aprili 1915, meli nyingine ya Kijerumani, Rubens, ilishambuliwa na manowari ya Hyacinth katika Ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Risasi ziliokolewa kutoka majini, lakini zilikuwa zimelowa maji ya chumvi.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika baada ya vita jinsi tatizo hilo lilivyotatuliwa. Mwanzoni risasi zilionekana nzima. Baadaye baruti na fataki zilianza kuharibika, na zile zisizolipuka zikaongezeka.

Kwa miezi kadhaa, askari na vibarua waliokusanywa Moshi walifanya kazi kutwa wakizifungua risasi hizo, wakisafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki kwa nyingine zilizopatikana nchini, ingawa hazikuwa za aina ileile. Huo ni ujazaji wa mikono kwa kiwango ambacho huenda hakijapata kuonekana tena katika nchi hii.

Lililo muhimu kwa mada yetu ni hatua iliyofuata. Risasi zilizokwishajazwa hazikuchanganywa, bali ziligawanywa kwa madaraja.

Zile nzima ambazo hazikuguswa na maji zilihifadhiwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake, kwani rashasha ikikwama katikati ya mapigano huwaangamiza wanaoitegemea. Zilizojazwa upya ambazo karibu asilimia 20 hazikulipuka zilitengwa kwa ajili ya vita. Zilizokuwa mbovu zaidi ya hapo zilipelekwa kwenye mazoezi.

Kwa macho risasi za makundi hayo zilifanana. Kilichozitenganisha ni utaratibu wa watu waliokubali kwamba macho hayatoshi.

Jeshi hilohilo lilikuwa na shida nyingine. Askari wake wengi mwanzoni mwa vita walibeba bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye kipenyo cha takriban milimita 11 na zinazotumia baruti nyeusi yenye moshi mwingi. Wengine walikuwa na bunduki za mtindo wa 1898, za milimita 7.92 na baruti isiyo na moshi.

Oktoba 1917, katika mapigano ya Mahiwa, mkoani Lindi, Wajerumani walimaliza karibu akiba yao yote ya risasi zisizo na moshi. Mwezi uliofuata walivuka Mto Ruvuma na kwenda kutafuta silaha za Wareno upande wa pili. Kujua ni risasi zipi zimebaki na ni za bunduki gani lilikuwa jambo la kuamua mwelekeo wa vita.

Ganda moja, baruti mbili

Wawindaji wa Kiingereza waliokuja Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 walikutana na hatari iliyo karibu zaidi na mada hii.

Hadi wakati huo bunduki za kuwindia wanyama wakubwa zilitumia baruti nyeusi. Mwaka 1898, kampuni ya John Rigby ya London ilitoa risasi ya .450 yenye baruti mpya isiyo na moshi, ikitumia umbo la ganda lililokuwa likitumika kwa baruti nyeusi. Wengine walifuata kwa vipenyo vya .500 na .577.

Matokeo yake ni kwamba risasi mpya yenye nguvu kubwa iliweza kuingia katika bunduki ya zamani iliyoundwa kwa msukumo mdogo. Iliingia vizuri, na mlango wa bunduki ukafunga bila kipingamizi chochote.

Viwanda vikatengeneza daraja la tatu, lililokuwa kati ya hayo mawili: risasi zenye baruti mpya lakini iliyopunguzwa hadi msukumo wake ulingane na wa baruti nyeusi, kwa ajili ya wenye bunduki za zamani. Sasa ganda moja likawa na nguvu tatu tofauti, na mwindaji alitegemea maandishi ya kiwanda pamoja na alama za ukaguzi zilizopigwa kwenye bunduki yake kueleza inastahimili nini.

Mfano wa aina hiyo ungalipo leo Marekani, ambako risasi ya .45-70, iliyobuniwa kwa bunduki ya jeshi ya mwaka 1873, hujazwa kwa madaraja matatu kulingana na uimara wa bunduki. Vitabu vya wajazaji huorodhesha madaraja hayo katika kurasa tofauti, na anayechanganya kurasa huhatarisha uso wake.

Namna za kuweka alama

Njia iliyozoeleka ni wino wa kalamu isiyofutika, unaopakwa kwenye kitako cha risasi. Rangi moja huwa ya risasi hafifu, nyingine ya wastani na nyingine ya kali. Ni rahisi na gharama yake ni ndogo. Udhaifu wake ni kwamba mafuta ya bunduki na jasho la mkono huufifisha wino.

Njia ya pili ni kutumia rangi nyembamba ya kuzibia kuzunguka fataki. Hii hudumu zaidi, lakini ikipakwa nene huweza kuzuia mlango wa bunduki usifunge sawasawa.

Njia ya tatu ni kutenga maganda yenyewe: ya shaba ya manjano yawe ya kazi moja, na yaliyopakwa nikeli, yanayong'aa kama fedha, yawe ya kazi nyingine. Njia ya nne ni kutofautisha vichwa, bapa kwa nguvu ndogo na vilivyochongoka kwa nguvu kubwa. Faida yake ni kwamba hata kidole gizani huweza kutambua.

Njia ya tano ni lebo ya sanduku, inayotaja tarehe, aina ya baruti, uzito wake, uzito wa kichwa na bunduki iliyokusudiwa. Lebo hubeba maelezo mengi kuliko alama yoyote nyingine.

Hata hivyo, lebo peke yake haitoshi, kwa sababu risasi haipigwi ikiwa sandukuni. Hutolewa, hutiwa mfukoni au mkobani, na jioni zile zilizosalia hurudishwa katika sanduku lolote lililo karibu. Alama ya uhakika ni ile iliyo juu ya kitu chenyewe, lebo ikiwa msaidizi wake.

Rangi nazo zina mitego. Wapo wanaume wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani. Chini ya mwanga wa taa nyekundu, wino mwekundu hutoweka kabisa. Kwa sababu hiyo wajazaji waangalifu hutumia idadi ya mistari badala ya rangi pekee: mstari mmoja, miwili, mitatu.

Isitoshe, rangi ni lugha, na lugha hutofautiana. Katika risasi za milimita 5.56 za nchi za NATO, ncha ya kijani huonyesha kichwa chenye kiini cha chuma ndani. Katika risasi za milimita 7.62 za AK-47 zilizofuata mtindo wa Kisovieti, ncha ya kijani huonyesha risasi inayoacha mwanga njiani. Anayesoma rangi bila kujua imetoka wapi hujidanganya.

Alama bora kuliko zote ni ile inayozuia kosa lisitendeke. Mwaka 1935, ilipotolewa risasi ya bastola ya .357 yenye nguvu kubwa, ganda lake lilirefushwa kwa takriban milimita 3 kupita lile la .38 lililotangulia, ili isiweze kuingia katika bastola za zamani zisizoistahimili.

Kwa bunduki za marisau, namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano, kwa sababu risasi hiyo huweza kuteleza ndani ya mtutu wa namba 12 na kukwama mbele. Mwenye bunduki akidhani haina kitu na kutia namba 12 nyuma yake, mtutu hupasuka.

Gobore na alama ya mdeki

Gobore halina ganda wala mhuri. Baruti humiminwa kwa mdomo wa mtutu, hufuatiwa na kizibo na marisau, kisha hushindiliwa kwa mdeki. Likishajazwa halitoi dalili yoyote kwa nje.

Silaha za namna hii zilipitia kwa wingi katika bandari za pwani, Kilwa Kivinje ikiwamo, wakati wa biashara ya misafara ya karne ya 19. Vita vya Majimaji vilipoanza katika milima ya Umatumbi mwaka 1905, magobore yalikuwa miongoni mwa silaha za wapiganaji, pamoja na mikuki na mishale.

Watumiaji wa bunduki za aina hiyo duniani wana alama moja rahisi. Mdeki hutumbukizwa katika mtutu mtupu, na mstari huchorwa pale unapotokeza mdomoni. Mstari wa pili huchorwa mtutu ukiwa na ujazo wa kawaida.

Tangu hapo mdeki huwa shahidi. Ukizama hadi mstari wa kwanza, bunduki ni tupu. Ukiishia kwenye wa pili, imejazwa. Ukitokeza zaidi ya hapo, kuna ujazo juu ya ujazo, au takataka, na bunduki hiyo haifai kupigwa.

Kosa jingine ni baya zaidi. Baruti isiyo na moshi, kama ile inayotolewa katika risasi ya kisasa, ina nguvu kubwa mno ikilinganishwa na baruti nyeusi ya ujazo uleule. Kuitia katika gobore ni kugeuza mtutu kuwa bomu usoni mwa mpigaji, na hakuna kipimo salama cha kufanya hivyo.

Sheria yataka nini

Wazo la kutia alama silaha si geni katika ukanda huu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, na ukaagiza zile zilizoruhusiwa kwa watu binafsi ziandikishwe na kupigwa mhuri.

Zaidi ya karne moja baadaye, Aprili 21, 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwamo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi, inayotaka silaha ndogo zitiwe alama zinapotengenezwa na zinapoingizwa nchini. Itifaki hiyo ilianza kutumika Mei 2006.

Risasi, hata hivyo, zilibaki nyuma. Utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kufuatilia silaha ndogo, uliopitishwa mwaka 2005, haukuzihusisha. Ilichukua hadi mwaka 2023 kwa umoja huo kupitisha mwongozo wa kimataifa unaohusu usimamizi wa risasi na makombora tangu kutengenezwa hadi kuteketezwa.

Nchini, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mmiliki awe na leseni, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa. Anayejaza upya maganda nyumbani bila kibali hawezi kujitetea kwamba hatengenezi risasi.

Septemba na Oktoba 2022, serikali ilitoa muda wa msamaha kwa waliokuwa na silaha kinyume cha sheria wazisalimishe kwa hiari bila kushtakiwa.

Alama na warithi

Linabaki suala moja linalogusa familia nyingi. Mwindaji aliyeweka alama zake mwenyewe, nukta hapa na mkwaruzo pale, huzielewa yeye. Siku akifariki, ufunguo wa alama hizo huzikwa naye.

Mkewe au wanawe watakuta kopo la risasi darini, baadhi zikiwa na wino uliofifia, nyingine zikiwa na kutu ya kijani. Kijana mmoja atasema zinaingia katika bunduki ya jirani. Kweli zitaingia, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa kuingia si dalili ya usalama.

Risasi za namna hiyo hazifai kujaribiwa, kufunguliwa, kutupwa jalalani wala kuchomwa moto. Linalofaa ni kuziacha mahali zilipo, kuwaweka watoto mbali, na kutoa taarifa kituo cha polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji ili wenye utaalamu wazichukue.

Hesabu yake ni nyepesi. Wale waliokuwa na shida ya risasi kuliko mtu yeyote, wakiwa vitani na wamezingirwa, bado walizitenga zile wasizoziamini zisichanganyike na nzima. Mwenye shamba la mihogo Njinjo au Mingumbi, ambaye anachokipigania ni mavuno ya msimu mmoja, hana sababu ya kuthubutu walichokiogopa wao.